Kyubu Sita na Birika Moja

Nyumbani kwetu, upande wa Mulot, habari zilizoenea ni kwamba mimi nimefungwa jela. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika barua nikieleza kwamba kazi ninayofundishwa Kericho ni kupasua zege, na jirani aliyemsomea mama barua hiyo alipofika hapo kwenye kupasua akanyamaza kwa heshima, akaikunja karatasi. Kila mtu alijua ni nani hupasua mawe kwa amri ya serikali. Mama akanitumia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi, pamoja na salamu kwamba niombe msamaha, nisibishane na askari, na nisali.

Sikuwa jela, ingawa kwa chakula usingeona tofauti. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi saba tuliokuwa tukijifunza kupima vifaa vya ujenzi: udongo, mchanga, kokoto, simiti. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na barabara zilikuwa zinakatwa kila kilima ili majani ya chai yafike kiwandani kabla hayajanyauka. Kila barabara ilitaka madaraja, na kila daraja lilitaka mtu wa kusema kama litasimama. Wavulana walikuwa sita. Wa saba nilikuwa mimi, na hakuna aliyejua hasa jina langu lilipitaje.

Maabara yetu ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya uwanja wa malori. Ndani kulikuwa na chekeche za ukubwa wote, mizani iliyofunikwa kitambaa kama mgonjwa, na mashine ya kupasulia kyubu, ambayo ilikuwa na uso mkubwa wa saa na mshale mmoja. Kyubu ni donge la zege la inchi sita kila upande. Unalitengeneza kutoka zege lile lile linalomwagwa kwenye daraja, unalilaza ndani ya maji, unaliweka kwenye mashine na kulibana mpaka lipasuke. Mshale unakuambia lilivumilia kiasi gani. Likiwa dhaifu, basi na daraja ni dhaifu, na mtu fulani ana shida.

Pia kulikuwa na tanuri ya kukaushia udongo. Siku za Ijumaa tulioka viazi vitamu humo. Kama kuna barabara katika milima ile ambayo udongo wake ulipimwa Ijumaa, naomba radhi kwa wanaopita juu yake.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kutoka kando ya ziwa, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Alivaa viatu vya kung'aa katika nchi ambayo mvua hunyesha kila siku baada ya chakula cha mchana. Aliamini Mungu na nukta ya desimali, na kati ya hao wawili ni Mungu peke yake aliyejua kusamehe. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatembea mbele yetu kama anakagua gwaride.

"Kazi yenu ni kutoamini," alisema. "Usiamini mchanga. Usiamini fundi. Mama yako akikuambia simiti hii ni mpya, fungua mfuko uangalie."

Nilimpenda hapo hapo. Mimi tangu utotoni sikuwa mtu wa kuamini, na nilikuwa nimechapwa sana kwa ajili hiyo. Sasa kumbe kulikuwa na serikali inayotaka kunilipa kwa tabia ile ile.

Lakini ilipofika saa nne mwalimu alitazama saa yake, akatutazama sisi saba, na macho yake yakaja kutua kwangu kama inzi kwenye kidonda.

"Madam," akasema, "birika liko pale."

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa nne, wavulana wakiwa mbele ya ubao, mimi nilikuwa nyuma ya kibanda napuliza jiko. Tulikuwa katikati ya chai, chai kila upande, kilima baada ya kilima kimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule. Majani mazuri yalikwenda ng'ambo na sisi tuliletewa vumbi lake kwa pakiti. Nililichemsha vumbi hilo na maziwa, halafu kwa hasira nikatia sukari. Nilitia sukari ya kulipiza kisasi. Nilitia mpaka kijiko kikawa kizito kukoroga, nikiwa na hakika kwamba watatapika na kunifukuza kazi hiyo. Walilamba vikombe. "Msichana wa Kipsigis anajua chai!" mwalimu alisema, na cheo changu kikathibitishwa.

Masomo ya saa nne nilikuwa nayakosa. Niliazima madaftari ya wavulana jioni na kunakili nilichoweza, na mengine nikayaacha, kwa sababu mwandiko wao ulikuwa kama kuku amepita na matope.

Ulipokaribia mtihani wa ufundi, kila mwanafunzi alitumwa kwenye kazi ya kweli. Huko ilibidi atengeneze kyubu sita kwa mkono wake mwenyewe na daftari lake litiwe sahihi. Bila hizo kyubu, hakuna mtihani, na bila mtihani, hakuna cheti. Mimi nilipelekwa kwenye daraja lililokuwa likijengwa karibu na Mogogosiek. Nilipewa makasha sita ya chuma ya kutengenezea kyubu, fimbo ya chuma ya kushindilia, na birika, kwa sababu walijua huko kutakuwa na wageni.

Fundi wa daraja lile alikuwa mzee kutoka Maragoli. Hakuwa mzee sana, lakini alikuwa mzee wa kazi: mikono imepasuka kwa simiti, magoti yamekataa kunyooka. Shule hakwenda. Kabla ya kumwaga zege alivua kofia na kuomba, na maombi yake yalikuwa marefu. Alianza na Adamu. Mimi nilisimama pembeni nikihesabu dakika, maana zege halingojei amina, lakini watu wake wote walikuwa wameinamisha vichwa na mashine ya kuchanganyia ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata shetani asingepata nafasi.

Mchanga aliupima kwa sikio. Naapa. Alichukua konzi moja, akaisugua kiganjani karibu na sikio lake, akafumba macho akasikiliza. Mchanga safi hulia, alisema. Wenye udongo hunong'ona tu. Mimi nilicheka. Nilichukua mchanga ule ule, nikautia kwenye chupa na maji ya chumvi kama nilivyofundishwa, nikatikisa, nikaukalisha saa tatu ili udongo ujitenge juu nipate kuupima. Jibu langu likawa sawa na lake. Kesho yake nikarudia na mchanga wa lori lingine, ambao yeye aliukataa kabla haujashuka wote. Chupa yangu nayo ikaukataa, saa tatu baadaye, wakati lori lilikuwa limesharudi mtoni.

"Hiyo chupa yako iko sawa," aliniambia. "Ni pole pole tu. Itazoea kazi."

Nilikasirika, halafu nikaanza kumpenda. Sikutaka kumpenda, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiamini mafundi.

Shida yake niliijua siku ya pili, maana kila mtu pale aliijua. Ukuta wa daraja wa ng'ambo ya mto ulikuwa umejengwa na fundi aliyemtangulia, kyubu zake zikashindwa, ukavunjwa wote. Injinia, mzungu mwenye masharubu mekundu aliyebakiza mwaka mmoja wa mkataba wake, alikuwa ametangaza mbele ya watu: ukuta mwingine ukishindwa, utavunjwa, na fundi wake aende nyumbani siku hiyo hiyo. Mzee wa Maragoli alikuwa amefanya kazi chini ya mafundi wengine maisha yake yote. Daraja hili lilikuwa la kwanza kuitwa lake. Alikuwa amemleta mke na watoto wakae naye kwenye vibanda vya wafanyakazi, waone.

"Sikia, binti," aliniambia siku moja, akigonga kasha langu la chuma kwa ukucha. "Hii masanduku yako ndiyo itasema kama mimi ni fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi uchunge kama mayai."

Ukuta wake ulimwagwa siku ya Jumanne. Walianza asubuhi na mapema ili kuwahi mvua. Alisikiliza mchanga, akaomba kutoka Adamu mpaka Nuhu, na kazi ikaenda vizuri kama wimbo. Mimi nilichukua zege langu kutoka katikati ya kazi, kama inavyotakiwa, nikajaza wilbaro moja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepaka makasha mafuta nilipomsikia mwalimu akiniita kutoka mlimani, penye ofisi. Alikuwa amekuja na injinia kunikagua.

"Madam! Wageni!"

Nilimwonyesha wilbaro. Alinionyesha birika.

Nikapanda mlima. Nikawasha jiko lililokuwa na kuni mbichi, nikachemsha, nikamimina, nikangoja wanywe, wakanywa cha pili. Injinia alisimulia habari ndefu ya samaki aliyemshika mtoni, na mwalimu, ambaye kwao samaki hawasimuliwi bali huliwa, alicheka kwa adabu. Nilipoteremka na birika mkononi, ukuta ulikuwa umekamilika, umefunikwa magunia mabichi, mashine imeoshwa, na watu wananawa. Zege langu kwenye wilbaro lilikuwa limekauka kama ugali wa jana.

Nilijua cha kufanya. Zege la namna hiyo hutupwa, na unaandika kwamba umelitupa. Lakini hapakuwa na zege lingine, na ukuta usio na kyubu ni ukuta usio na shahidi. Isitoshe, daftari langu lingebaki tupu, na injinia na mwalimu walikuwa wanateremka mlima wakifuta midomo. Nilitafuta maji. Pipa lilikuwa tupu, na wakati wa kushuka mtoni sikuwa nao. Mkononi nilikuwa na birika, na ndani ya birika kulikuwa na mabaki, kama vikombe viwili, ya rangi ya mto, mazito huko chini.

Niliyamimina yote. Nikageuza kwa mwiko haraka haraka, zege likalainika, likang'aa, likawa zuri kuliko hata lile la asubuhi. Nikajaza makasha tabaka tatu tatu na kushindilia kila tabaka kwa fimbo mara thelathini na tano, bila kuiba hata pigo moja. Injinia alifika, akatazama.

"Mzuri sana, toto," alisema kwa Kiswahili chake cha shamba.

Mwalimu akatia sahihi daftari langu.

Kesho yake nilifungua kasha la kwanza na kidole changu kikazama. Nikalifunga upesi. Nilijiambia ni baridi. Milima ile ina baridi, kila kitu hukawia huko, hata watu hukawia kukasirika. Nikangoja siku moja zaidi, na ya pili, mpaka zikashikamana kiasi cha kubebeka, nikapanda nazo kwenye lori zikiwa zimevikwa magunia, nikazilaza kwenye tangi la maji pale maabara. Sikumwambia mtu.

Zilipotimiza siku saba mwalimu aliweka ya kwanza kwenye mashine. Kwa kawaida kyubu nzuri hulalamika kabla ya kupasuka. Unasikia mlio kama wa mfupa. Hii haikusema kitu. Mshale uliinuka kidogo, kyubu ikakaa chini kama mandazi yaliyolowa. Ya pili vile vile. Ya tatu ikabomoka kabla mwalimu hajamaliza kuvaa miwani. Aliandika namba zote tatu kwenye kitabu kwa wino, akapuliza wino ukauke. Tatu zilizobaki zilikuwa za siku ishirini na nane, lakini injinia hakutaka kuzingojea. Ujumbe ulirudi kutoka Mogogosiek jioni ile: ukuta uvunjwe kuanzia Alhamisi asubuhi, na fundi auvunje mwenyewe na watu wake kabla ya kuondoka.

Dereva aliyeleta ujumbe alituambia mzee hakubishana. Alikuwa amekwenda kwenye rundo la mchanga, akachukua konzi, akaisugua sikioni. Akaitupa. Akachukua nyingine. Alikaa pale mpaka giza. Halafu akasema kama mashine imesema, basi mwenye kosa ni yeye.

Jumatano, baada ya kazi, nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa nimeazima daftari la yule mvulana mwenye mwandiko wa kuku, na nikafika kwenye somo ambalo sikuwahi kulinakili. Kichwa chake kilikuwa vitu vinavyoharibu simiti. Majani makavu, mafuta, chumvi. Na chini, limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu: sukari. Sukari kidogo tu hulifanya zege lisigande kwa siku nyingi. Pembeni yule mvulana alikuwa ameandika saa ya somo, kama alivyokuwa akifanya ili aonekane mwenye bidii. Saa nne.

Sitasema nilimhurumia fundi kwanza. Niliogopa kwanza. Kisha nikajihurumia mimi, nikaona cheti changu kikipaa na mabawa, nikamwona baba akisema si nilisema. Kisha nikawakasirikia wote waliokunywa chai yangu tangu siku ya kwanza. Fundi nilimfikia wa mwisho, na nilipomfikia nilitamani kuzama ardhini. Nilifikiri tu juu ya mke wake akifunga vyombo kwa shuka mbele ya majirani.

Nilimkuta mwalimu akifunga dirisha la maabara. Nilimweleza yote, hata kidole kilichozama. Hakupaza sauti. Hilo liliniogopesha zaidi, maana alikuwa mtu wa kupaza sauti hata akisalimia.

"Nani alikutuma chai siku hiyo?" aliuliza mwishowe.

"Ni wewe, mwalimu."

Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, jambo ambalo alikuwa ametukataza.

"Ukinyamaza, kesho kutwa unafanya mtihani. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Na ukisema, hakuna mtihani. Mimi sitaweza kukusaidia."

"Na fundi je?"

Alivuta kiti, akachukua karatasi na kalamu, akavisukuma mbele yangu. "Andika kwa Kiingereza, ile ya ofisi. Weka kila kitu. Na uweke ya kwamba mimi ndiye nilikutuma chai ukiwa na kazi mkononi. Usiniache nje."

Asubuhi ya Alhamisi tulipanda lori la kwanza. Alikaa mbele na viatu vyake vya kung'aa, karatasi ndani ya koti. Mimi nilikaa nyuma na magurudumu ya akiba. Tulizisikia nyundo kabla hatujauona mto.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Wanaume wanane walikuwa wanapokezana nyundo kubwa kwenye ule ukuta dhaifu, ukuta ambao kwa hesabu yetu ungebomoka ukiukoholea. Walikuwa wamepiga tangu jua kuchomoza. Walikuwa wametoa pembe moja, ukubwa wa mkate. Mipini miwili ilikuwa imevunjika na kijana mmoja alikuwa ameketi chini ameshika kiganja, anamlaani mama wa ukuta. Injinia alisimama na mikono kiunoni, masharubu yamelegea. Na katikati alikuwa fundi, shati limelowa, anapiga peke yake. Kila nyundo iliporuka bila kitu, aliweka kiganja mahali pale, akapapasa, kisha akapiga tena kwa nguvu zaidi.

"Mzee, wacha!" nilipiga kelele. "Wacha kupiga!"

"Wacha nione," alisema bila kugeuka. "Wacha nione hii kitu."

Mwalimu alimpa injinia karatasi. Injinia aliisoma, akairudia. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha nizunguka, na sikuweza kungoja, nikamwambia fundi mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya watu wake wote. Zege lilikuwa lake, lilikuwa zuri. Niliyeliharibu ni mimi, ndani ya wilbaro.

Alishusha nyundo.

"Uliweka nini?"

"Chai, mzee."

"Chai ya rangi?"

"Ya maziwa."

Kijana mwenye kiganja kilichoumia akaangua kicheko, na wote wakafuata, wakacheka mpaka wengine wakakaa kwenye matope. Mmoja wao, Mkipsigis mwenzangu, alirudia kwa lafudhi ya kwetu huku akijifuta machozi: "Chai ya masiwa! Tunia hii, kapisa!" Hata injinia, alipotafsiriwa na mwalimu, alitoa sauti fulani puani. Mimi pia nilianza kucheka, kwa woga. Fundi peke yake hakucheka.

"Nimemwambia bibi yangu mimi si fundi," alisema. Hakusema kwa hasira. "Nimemwambia kwa mdomo yangu. Watoto wanasikia."

Injinia hakuwa mtu wa kuomba radhi, na namba ilikuwa imekwisha andikwa kwa wino. Mwalimu alimweleza kwamba sukari kidogo haiui zege, hulichelewesha tu, na kwamba ukuta wenyewe ulikuwa umejitetea. Walibishana kwa Kiingereza kando ya mto. Mwisho injinia akaamua: nyundo zisimame. Zile kyubu tatu zilizobaki zitapasuliwa zikifika siku ishirini na nane. Zikifaulu, ukuta ubaki na fundi abaki. Zikishindwa, nyundo zirudi. Cheti changu hakikujadiliwa. Mwalimu aliniambia njiani kwamba nitarudia mwaka mzima, na akaongeza kwamba hiyo ni bahati, maana yeye alikuwa ameomba nisifukuzwe. Saa nne ya siku iliyofuata alichemsha chai mwenyewe. Ilikuwa mbaya ajabu, na wavulana waliinywa kimya.

Wiki zile tatu nililitembelea tangi la maji kama mtu anayetembelea wodi. Niliingiza mkono kwenye maji ya baridi na kuzigusa kyubu zangu tatu. Niliomba, mimi niliyekuwa nikicheka maombi ya wengine, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo na mimi nikaanzia kwa Adamu.

Siku yenyewe fundi alikuja. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ametoka Mogogosiek alfajiri, amevaa suti yake ya kanisani na tai iliyokuwa fupi, na ameshika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kuiona mashine ile. Aliizunguka mara moja, akaitazama kwa chini, kama ng'ombe unayetaka kumnunua lakini humwamini mwenye kuuza.

Mwalimu aliweka kyubu ya kwanza. Mshale ukainuka. Ukafika pale zile za kwanza zilipokufa, ukapita. Ukafika kwenye namba iliyotakiwa, na wavulana wakaacha kupumua. Ukapita. Ukaendelea kupanda pole pole, na kyubu ikaanza kulia, na fundi akainamisha sikio. Ilipopasuka, ilipasuka kwa mlio uliomfanya mwalimu arudi nyuma. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu ilizidi zote. Wavulana walipiga makofi. Mwalimu alimpa fundi mkono na kumwita bwana fundi, na mimi nikalia kwa sauti kubwa, bila aibu yoyote.

Fundi alingoja tunyamaze. Akaelekeza kofia yake kwenye kitabu kilichokuwa wazi juu ya meza.

"Na zile namba za kwanza," aliuliza. "Zimefutwa?"

"Namba ikiandikwa haifutwi, bwana fundi," mwalimu alisema. "Lakini maelezo iko hapo chini. Imeandikwa na huyu, na injinia ameweka sahihi."

"Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa kwa Kiingereza."

Fundi akanigeukia. "Nisomee kwa Kiswahili."

Nilifuta uso kwa mkono wa koti, nikainama juu ya kitabu. Nikasoma kwamba kyubu hizi zilitiwa chai yenye sukari na mwanafunzi, kwa uzembe wake. Nikasoma kwamba zege la ukuta lilichanganywa vizuri, na kwamba fundi hana kosa.

Alikuwa amefumba macho.

"Soma tena," alisema. "Hapo kwa fundi."

"Fundi hana kosa."

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu, haandiki kitu. Wavulana walikuwa wanatazama sakafu. Fundi alivaa kofia, akaivua tena, akakumbuka yuko ndani ya nyumba.

"Niandikie hiyo kwa karatasi," alisema. "Hiyo tu. Kwa Kiswahili. Herufi kubwa, watoto wasome."